Mtandao wa watafiti wa ekolojia Lamu: njia nne zikilinganishwa

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Kaunti ya Lamu. Ongeza hapo hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, nyasi bahari, matumbawe, fuo wanazotagia kasa, na misitu ya Boni na Dodori. Wanaoyachunguza haya ni wengi pia: maafisa wa KMFRI (utafiti wa bahari na uvuvi), KWS (wanyamapori) na KFS (misitu), walimu na wanafunzi wa vyuo vikuu, mashirika ya uhifadhi, BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo), na CFA (vikundi vya jamii vya misitu) vinavyotunza mikoko. Watu wapo, ila kazi zao hazijumlishiki. Timu moja inapima mikoko ya Mkunumbi, nyingine ya Pate, na mwanafunzi yuko Dodori na fomu aliyojitungia. Mwaka ukiisha kila mmoja ana ripoti yake, lakini ukiuliza hali ya msitu wa kaunti nzima unajibiwa kwa picha za setelaiti peke yake.

Wanaotaka kuungana huwa na njia nne mbele yao: kundi la WhatsApp, mwongozo mmoja wa upimaji wenye kanuni za data, hati ya maelewano kati ya taasisi, au kujiunga na mtandao wa kanda uliopo tayari. Kabla ya kuchagua, jiulizeni ni kitu gani hasa kitakachotoka mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kama ni habari, njia ya kwanza inatosha. Kama ni vipimo, nendeni ya pili. Pesa na vifaa vinataka ya tatu. Ya nne ni ya anayetafuta sauti, ruzuku na wenzake wa nchi nyingine. Mitandao mingi huzama kwa sababu inabebeshwa kitu ambacho chombo chake hakikuundwa kukibeba.

Kundi la WhatsApp

Linaanza leo jioni na halihitaji saini ya mtu. Kwa habari za papo kwa papo hakuna linaloshinda: kasa amekwama kwenye nyavu Shela, matumbawe yameanza kuwa meupe, mikoko imekatwa usiku, boti ya kesho kwenda Faza ina nafasi mbili. Mvuvi wa Kizingitini asiyefungua barua pepe mwezi mzima atatuma ujumbe wa sauti ndani ya dakika moja.

Halifai kuwa ghala. Fomu iliyopigwa picha na kutumwa kundini hubanwa, na tarakimu za penseli hazisomeki tena. Zaidi ya hapo, picha ikitumwa kwa njia ya kawaida huvuliwa taarifa za GPS zilizokuwa ndani yake. Picha ya mtego wa kaa au ya kiota inafika bila mahali. Atakayetuma picha ya kazi aitume kama faili, au aandike vipimo vya GPS chini yake. Na simu ikitumbukia gatini Mokowe, mazungumzo ya miaka miwili huenda nayo.

Wekeni makundi mawili, si moja. La kwanza ni la matangazo, ambako wasimamizi watatu tu ndio huandika. La pili ni la mazungumzo, na humo rambirambi, siasa za kaunti na video za kuchekesha zitaingia hata mkikataza, kwa hiyo msipoteze nguvu kukataza. Wasimamizi wasitoke taasisi moja. Akihamishwa mmoja, kundi lisibaki yatima.

Mwongozo mmoja wa upimaji

Hapa ndipo tunapoona pana faida kubwa kuliko kwingine kote, na ndipo wengi wanaporuka kwa sababu hapana sherehe ya kupiga picha. Mnakubaliana swali moja, njia moja ya kupima, fomu moja na mahali pamoja pa kuhifadhi. Kila timu inabaki na jina lake na mfadhili wake.

Tuchukue mikoko. Makubaliano ya chini kabisa yawe haya: viwanja vya mita 10 kwa 10 vinavyofuata mstari unaotoka ukingo wa maji kuelekea bara, kila shina la kipenyo cha sentimita 2.5 au zaidi lipimwe. Kipimo kichukuliwe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenye mizizi ya magongo upimwe sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, maana penye mita 1.3 mara nyingi hapana shina bali mizizi mitupu. Miche igawanywe katika marika matatu: chini ya sentimita 40, 40 hadi 150, na 150 hadi 300. Kila spishi iandikwe kwa herufi mbili za jina lake la kisayansi: RM kwa Rhizophora mucronata, AM kwa Avicennia marina (mchu), CT kwa Ceriops tagal (mkandaa), SA kwa Sonneratia alba (mlilana). Kenya ina spishi tisa za mikoko, hivyo orodha nzima inaenea nyuma ya fomu.

Makosa yanayoharibu data ya pamoja ni machache, ila yanajirudia kila mahali.

Kosa la kwanza ni mzingo na kipenyo. Utepe wa fundi cherehani unapima mzingo. Utepe wa misitu una upande unaosomeka moja kwa moja kama kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 20 una kipenyo cha sentimita 6.4. Ile 20 ikiingizwa kwenye safu ya kipenyo, na kwa kuwa uzito wa mti hukua kwa kasi kuliko mraba wa kipenyo, makadirio ya uzito na ya kaboni hupaa zaidi ya mara kumi. Mtu mmoja mwenye utepe usio sahihi anatosha kuharibu wastani wa kijiji kizima. Fomu iwe na safu mbili, moja ya mzingo na moja ya kipenyo, na anayepima ajaze moja tu.

La pili ni GPS. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo miwili, kiwanja husogea kiasi cha mita 300, umbali unaotosha kukutoa mikokoni na kukutupa mkondoni. Kubalianeni WGS84, digrii za desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Na alama ya kutoa isisahaulike: mji wa Amu, yaani Lamu mjini, uko karibu na -2.27, 40.90. Bila ile alama, mikoko yenu imehamia Wajir.

La tatu ni sifuri. Kisanduku kitupu kina maana kwamba haikupimwa. 0 ina maana kwamba ilitafutwa na haikuonekana. Asiyetofautisha haya mawili atatangaza kwamba mlilana umetoweka mahali ambapo hakuna aliyefika. Tarehe nazo ziandikwe mwaka-mwezi-siku, kwa sababu 03/04 kwa mmoja ni Machi na kwa mwingine ni Aprili.

Kabla ya msimu, timu zote zikutane kwenye kiwanja kimoja, tuseme kando ya Matondoni, na kila jozi ipime miti ileile 20 bila kuchungulia fomu ya wenzake. Halafu linganisheni. Jozi iliyo mbali na wengine kwa zaidi ya asilimia 5 irudie palepale mpaka ionekane tatizo ni utepe, ni urefu wa kupimia, au ni macho. Zoezi linamalizika kwa maji kupwa mara moja. Mtandao unaoliruka hulipa baadaye, huku wanachama wakibishana juu ya tofauti ambazo hazikuwahi kuwa za msitu.

Nyasi bahari zina njia yake inayojulikana sana: mistari mitatu ya mita 50, iliyoachana mita 25, na fremu ya sentimita 50 kwa 50 kila baada ya mita 5, jumla fremu 33 kwa kituo. Msibuni nyingine. Kila mkichukua njia inayotumika kwingine, data yenu inaweza kulinganishwa na ya nje ya kaunti bila kazi ya ziada.

Kwa ukusanyaji, programu ya KoboToolbox inafaa zaidi kuliko karatasi kwa vituo vya mbali, kwa sababu fomu hujazwa kwenye simu ya Android bila mtandao na kutumwa mkirudi penye mawimbi ya simu. Upande wa Kiwayu na Mkokoni hilo si jambo dogo. Karatasi isiyoloa maji iwepo hata hivyo, na penseli. Skrini yenye tope na maji ya chumvi haisikii kidole.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na data ni mali. Kwa hiyo mwongozo uambatane na kanuni za data za kurasa mbili, zisizidi hapo, zilizoandikwa kwa Kiswahili ili mwenyekiti wa BMU azisome mwenyewe bila kusubiri mkalimani. Ziseme nani mwenye data (aliyekusanya), nani anaweza kuiona, na baada ya muda gani. Ngazi tatu zinatosha. Mahali pa viwanja, spishi na tarehe viwe wazi kwa wote. Vipimo kamili viwe vya wanachama. Data ya mwanafunzi ikae kwake mpaka atetee tasnifu, au miezi 12, lolote litangulie. Viota vya kasa, mahali pa wanyama wanaowindwa, na majina na namba za simu za wavuvi waliohojiwa vifungwe. Hayo ya mwisho si adabu tu, ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mahali pa kiota pakihitajika kwenye ramani ya umma, punguzeni tarakimu mpaka moja baada ya nukta. Hapo nukta inawakilisha eneo la kilomita kama 11, na mwizi wa mayai hana la kufanya nalo.

Majina ya waandishi wa makala ndiyo yanayovunja urafiki, basi yaandikeni mapema. Kanuni inayofanya kazi: aliyechangia data anapewa rasimu na siku 14 za kusoma, anayeshiriki kuandika au kuchambua anakuwa mwandishi, BMU au CFA inatajwa kwa jina lake, si kwa “shukrani kwa wenyeji”. Na kabla makala haijatoka, ukurasa mmoja wa matokeo urudi kijijini. Lamu hili lina uzito wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Tangu hapo, mvuvi anayeulizwa anavua wapi na anapata kilo ngapi anajua kwamba jibu lake lina thamani, na ana haki ya kuuliza linakwenda kwa nani.

Hati ya maelewano kati ya taasisi

Hii inatakiwa pale ambapo boti ya mmoja itabeba watu wa mwingine, ruzuku itagawanywa, au maabara itapokea sampuli. Inakupa kitu ambacho mwongozo hauwezi: mwaka ujao, wakubwa wakibadilika, ahadi bado ipo kwenye faili.

Kasoro yake ni mwendo. Ofisi za sheria ziko Mombasa, Nairobi au Naivasha, na hati huzunguka miezi mingi kabla ya kurudi. Mara nyingi husainiwa na wakurugenzi huku afisa wa Amu hajawahi kuiona nakala yake. Dawa ni kugawa hati: sehemu ya juu iwe fupi na ya jumla, ya miaka mitatu hadi mitano, na kiambatisho cha kazi kiwe ukurasa mmoja unaobadilishwa kila mwaka na maafisa wenyewe bila kurudi kwa wakurugenzi. Humo andikeni nani analipa mafuta, nani analipa nahodha, posho ni kiasi gani na ni sawa kwa wote. Posho zisizo sawa kwenye boti moja huzua ugomvi kabla hamjapita Mtangawanda. Mratibu atajwe kwa cheo, si kwa jina, ili uhamisho usiukate uzi.

Hati haiondoi vibali. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni ya mtafiti na mradi wake, wala haihamishiki. Hakuna “leseni ya mtandao” ya kujifichia. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932 na iko chini ya KFS. Ndani ya hifadhi ya Kiunga, KWS nayo inahusika, na utafiti wa wanyamapori unapitia WRTI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha. Upande wa Boni na Kiunga, taarifa kwa vyombo vya usalama itangulie safari, hata kama vibali vingine vyote viko mfukoni.

Wengine hutaka kwenda mbali zaidi na kuusajili mtandao wenyewe. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, watu kumi wanatosha kuunda kikundi. Lakini ukisajili umejipa kazi ya mikutano, mahesabu, uchaguzi wa viongozi na akaunti ya benki. Kama hapana pesa inayokuja kwa jina la mtandao, kazi hiyo ni mzigo mtupu. Taasisi moja iwe mlezi, ishike pesa, itoe taarifa ya mahesabu kila robo mwaka.

Mtandao wa kanda

WIOMSA, yenye makao Zanzibar, ilianzishwa 1993 na inawaunganisha wanasayansi wa bahari wa nchi kumi za magharibi ya Bahari ya Hindi, kutoka Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa. Ina uanachama wa mtu na wa taasisi, hutoa ruzuku za utafiti, ina jarida lake, na huitisha kongamano kila baada ya miaka miwili. Kwa matumbawe ipo CORDIO ya Mombasa, iliyozaliwa kutokana na janga la kupauka kwa matumbawe la 1998. Kwa rekodi za spishi ipo GBIF, hazina ya data ya dunia nzima, ambako data huwekwa na taasisi iliyokubaliwa kama mchapishaji na kupewa namba ya kudumu inayoweza kutajwa kwenye makala.

Hayo yote ni mema, ila hakuna mtandao wa kanda utakaowapangia boti ya Jumanne. Pia ruzuku na kongamano hudai maombi kwa Kiingereza, jambo linalowaacha nje wale wanaoijua bahari zaidi. Jiungeni, lakini mkiwa na kitu cha kupeleka: mwaka mmoja wa vipimo vilivyofuata njia moja una nguvu kuliko barua kumi za kueleza nia.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Inabeba nini | Inaanza lini | Inavunjikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kundi la WhatsApp | Habari, safari, dharura | Siku hiyohiyo | Data hupotea, msimamizi huondoka |
| Mwongozo mmoja | Vipimo vinavyojumlishika | Miezi miwili au mitatu | Mazoezi ya pamoja yakirukwa. Majina ya waandishi |
| Hati ya maelewano | Pesa, boti, maabara | Nusu mwaka au zaidi | Ofisi za sheria, uhamisho wa maafisa |
| Mtandao wa kanda | Ruzuku, sauti, wenzenu wa nje | Uanachama ni upesi, faida ni pole pole | Uko mbali na kazi ya kila siku |

Nani achague nini

Wanafunzi watatu na CFA moja: kundi na mwongozo, basi. Msiguse hati; barua ya mwalimu msimamizi, leseni ya NACOSTI na kibali cha KFS vinatosha kwa ukubwa huo.

Timu tano hadi saba zinazofanya kazi kutoka Mkunumbi hadi Kiunga: mwongozo kwanza, msimu mmoja wa kazi, halafu hati. Mkigeuza mpangilio mtasaini karatasi nzuri juu ya kazi ambayo hakuna aliyeijaribu, na kiambatisho kitajaa ahadi za boti ambazo mafuta yake hayakuhesabiwa. Hapa ndipo watafiti wengi wa Lamu walipo leo, na huu ndio ushauri tunaoushikilia zaidi.

Taasisi iliyokwisha kupata ruzuku yenye masharti ya ushirikiano haina hiari: ianze na hati. Ila iweke bajeti ya mazoezi ya upimaji kabla ya bajeti ya semina ya uzinduzi.

Aliye peke yake Malindi, anayefuatilia tope la Mto Sabaki au ndege wa mlango wa mto huo, ajiunge na mtandao wa kanda mara moja na achukue mwongozo wa wengine badala ya kungoja wenzake wa karibu. Lamu na Malindi ni mbali kwa barabara, zaidi ya kilomita 200, na mikutano ya ana kwa ana ya kila mwezi haitadumu. Mmoja kwa mwaka, mingine kwa simu.

Kwa watakaoanza na mwongozo, ratiba ifuate mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na pwani yetu maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi siku hizo. Hapo mtu wa nyasi bahari na mtu wa mikoko ya ukingoni wanataka boti ileile saa ileile. Mpeni wa nyasi bahari saa ya kupwa kabisa, wa mikoko aanze viwanja vya upande wa bara ashuke akifuata maji, na wa kasa ashushwe ufuoni alfajiri kabla ya wote, nyayo hazijafutika. Wiki ya Maulidi iacheni, mji hufurika wageni na boti hazipatikani. Mwezi wa Ramadhani uwe wa kusafisha data. Safari za mbali ziwekwe msimu wa kaskazi, bahari ikiwa shwari. Kusi likikaza, kaeni chini mpitie jedwali mstari kwa mstari, mkianza na safu ya GPS.